Ndege wa Uani Mwetu: Somo la Vikundi vya Kibera na Kawangware

LENGO LA SOMO: Mwisho wa somo hili wanakikundi waweze (a) kutambua ndege na wanyama wadogo wasiopungua 8 wanaoishi karibu na nyumba zao, (b) kuwapiga picha kwa simu ya kawaida bila kuwasumbua wao wala majirani, (c) kutunza kumbukumbu zitakazosaidia kikundi kuamua mambo ya uani.

VIFAA: Simu moja yenye kamera (hata kama kioo kina ufa), daftari, kalamu, sahani pana au kifuniko cha ndoo, na maji.

MUDA: Mkutano mmoja wa saa moja na nusu, halafu kazi ya wiki 4.

Ndugu wanakikundi,

Siku tuliyotaja somo hili kwa mara ya kwanza, katika mkutano wa kikundi kimoja huko Kawangware, akina mama walicheka. Mmoja wao akasimama akasema, "Jamani, choo cha ploti kimejaa, panya wanamaliza unga, na nyinyi mnatuletea habari za kupiga picha ndege?" Hatukumlaumu. Swali lake ni la haki, na tunaomba mlishike mpaka mwisho wa somo. Tutarudi kwake.

1. UANI KWETU NI WAPI?

Watu wa mitaa ya matajiri wakisema uani, wana maana ya nyasi, maua na ua wa michongoma. Kwetu sisi uani ni ile nafasi iliyo kati ya milango ya ploti: kamba ya nguo, tangi la maji, mtaro, jerikeni, na magunia mawili matatu ya sukuma wiki. Tangu mwaka 2008 bustani hizi za magunia zimeenea sana Kibera. Kila gunia ni shamba dogo lenye wadudu wake, na penye wadudu pana ndege.

Tukumbuke pia historia. Jina Kibera limetokana na neno la Kinubi, Kibra, maana yake msitu. Askari wa Kinubi waliotoka Sudan walikaa hapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakati miti ilikuwa bado mingi. Msitu wa Ngong Road uko jirani mpaka leo. Upande wa chini liko Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, ingawa kwa miaka mingi limesongwa na gugu maji na taka. Ndege hawajui mpaka wa kijiji. Wanalala msituni, wanakunywa bwawani, na wanakula kwetu. Huko Kawangware nako, pale ambapo mparachichi mmoja umesimama kati ya ploti, huo mti mmoja ni mtaa mzima.

2. TUTAKUTANA NA NANI?

Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi peke yake zimehesabiwa zaidi ya aina 400. Hatutawaona wote kutoka mlangoni, lakini hawa wafuatao tumewaona sisi wenyewe, na nyinyi mtawaona mkitulia:

Mwewe. Rangi ya kahawia, mkia wenye panda. Huelea juu ya mabati akitafuta vifaranga, panya na mabaki ya nyama. Mtoto akishika kipande cha nyama mkononi, mwewe hakosi kukiona.

Marabu. Ni korongo mkubwa mwenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni. Hupenda mahali pa taka. Watu humwona mbaya wa sura, lakini ule upara unamfaa, kwa sababu akitumbukiza kichwa ndani ya mzoga hakuna manyoya ya kuchafuka. Kwa miaka mingi wamejulikana kwa kukaa juu ya miti karibu na Uwanja wa Nyayo.

Kunguru. Mweusi, kifua na shingo nyeupe. Mwerevu kuliko wote. Ukimtupia jiwe leo, kesho atakuona ukiinama tu na kuruka.

Kwarara. Mdomo mrefu uliopinda, mgongo unang'aa rangi ya kijani juani. Ndiye yule anayetuamsha alfajiri kwa kelele yake ya "haa-haa-haa". Hutoboa udongo akitafuta minyoo na wadudu.

Chozi. Mdogo sana, mdomo mwembamba uliopinda, dume anang'aa kama hariri. Hunyonya utamu wa maua. Kama una ua moja tu ndani ya mkebe wa Kimbo, unaweza kumpata.

Shore. Kichwa cheusi, na manjano chini ya mkia. Hula matunda, na hupenda kuimba mapema asubuhi.

Kwera. Wa manjano na mweusi. Hufuma kiota kwa majani kama mama anavyosuka kiondo. Fundi wa kufuma ni dume.

Wale wa kijivu wenye mkia mrefu, wanaotambaa matawini kama panya. Hutembea kwa kundi. Hawa tuseme ukweli: wanakula matunda na hata majani ya mboga zetu. Si kila ndege ni rafiki wa sukuma wiki.

Mbayuwayu. Kuanzia mwezi wa 10 hivi mpaka wa 4, wengi wa wale wanaopitapita chini chini juu ya maji na viwanja ni wageni kutoka Ulaya na Asia. Wamesafiri maelfu ya kilomita kukimbia baridi. Wengine hutua kupumzika kwenye waya wa stima juu ya ploti yako, na hawakuomba visa.

Kinyonga. Huyu si ndege, lakini yuko. Wengi wetu tumefundishwa kumwogopa tangu utotoni. Hana sumu. Yuko wa pembe tatu ambaye kwao ni nyanda za juu za Kenya, zikiwemo sehemu za Nairobi. Mwaka 1972 vinyonga wa aina hiyo walipelekwa visiwa vya Hawaii, Marekani, kuuzwa kama wanyama wa kufuga. Wakaachiliwa katika uani wa mtu mmoja, na leo wameenea huko porini. Kwa hivyo kuna watu ng'ambo wanaopiga picha uani mwao kinyonga aliyetoka kwetu, na sisi hapa tunampiga mawe.

3. NAMNA YA KUPIGA PICHA

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, walikuwa kati ya watu wa kwanza kupiga picha za ndege kwenye viota. Kamera za wakati huo zilikuwa masanduku mazito. Ili ndege wasiwakimbie, walitengeneza ng'ombe wa bandia kwa ngozi ya ng'ombe wa kweli, na mpiga picha akaingia tumboni. Mwaka 1909 Cherry alikuja Kenya kupiga picha za wanyama. Sisi hatuhitaji ng'ombe. Pazia la mlangoni latosha. Fuateni hatua hizi:

(i) Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Picha nyingi zinazoonekana kama zina ukungu ni mafuta ya vidole tu.

(ii) Weka maji. Sahani pana yenye maji ya kina cha vidole viwili, mahali palipoinuka ambapo paka hafiki. Mwaga na ubadilishe kila siku. Maji yakikaa wiki nzima utafuga mbu badala ya ndege.

(iii) Kaa mahali pamoja. Usimfuate ndege, mwache aje. Kaa kwenye kigoda nyuma ya pazia, au kando ya ukuta, nusu saa bila kutikisa mikono.

(iv) Jua liwe mgongoni mwako. Asubuhi kati ya saa 12 na nusu na saa 3 ni bora, na jioni kuanzia saa 10. Saa sita mchana mabati humeta na picha huharibika.

(v) Egemeza simu kwenye mlingoti au begani mwa kiti. Mkono unatetemeka hata kama wewe huoni.

(vi) Gusa kioo pale kilipo kichwa cha ndege, ili kamera ijue unamtaka yeye, si kamba ya nguo.

(vii) Usivute picha kwa vidole kabla ya kupiga. Piga kwanza, kisha ukate kingo baadaye. Kama mtu ana darubini, weka jicho la simu kwenye jicho la darubini. Kwa mazoezi kidogo utapata picha ya karibu.

(viii) Piga nyingi, weka chache. Katika 20 utapata 1. Futa zilizobaki, maana simu ikijaa kazi itasimama.

(ix) Usitumie taa ya kamera usiku, hasa penye makinda.

4. HESHIMA NA USALAMA

Sisi wa Kibera tumepigwa picha sana. Mgeni anashuka garini, anasimama kwenye reli, anapiga mabati na mtaro na mtoto mwenye kamasi, anaondoka. Picha inaenda mbali na mwenyewe haioni. Kwa hivyo tukichukua kamera sisi wenyewe, tusifanye yale yanayotuudhi.

Mwaka 1997 vijana wa mtaa wa Mathare walipewa kamera ndogo za bei rahisi katika mradi ulioitwa Shootback, pamoja na chama cha michezo cha vijana cha Mathare, MYSA. Wakapiga picha maisha yao wenyewe, na baadaye picha hizo zikatolewa kuwa kitabu. Kilichowashangaza watu ni kwamba aliyezaliwa mahali huona vitu ambavyo mgeni hawezi kuviona. Nasi katika somo hili tunataka hivyo hivyo.

Basi, kabla ya kuinua simu, angalia nyuma ya ndege kuna nini. Nguo za ndani za jirani? Mlango wa bafu? Mtoto aliyevuliwa akiogeshwa? Geuza simu. Mwambie jirani unachofanya, na umwonyeshe picha. Mara nyingi ataanza yeye kukuita: "Njoo, yuko hapa!"

Usielekeze kamera kwenye kituo cha polisi wala kambi ya jeshi. Usitoke na simu peke yako mahali usipojulikana. Na wale walio karibu na reli: treni bado inapita. Macho yakiwa juu, miguu isiwe kwenye reli.

Kwa upande wa ndege: tusikate tawi ili kiota kionekane, tusikiendee kila siku, tusiguse makinda. Kunguru anatuangalia, tukimwonyesha kiota, atakimaliza. Tena, kukamata ndege au kinyonga wa porini na kumfuga au kumuuza bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Picha haihitaji kibali hicho, na haimwondoi ndege mahali pake.

5. KISA CHA BUNDI

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo ndilo lililotufanya tuandike somo hili, na halitupi sifa.

Katika ile ploti ya Kawangware palikuwa na kibanda cha zamani cha fundi seremala, paa limeinuka upande mmoja. Bundi akaanza kulala humo. Alikuwa wa aina ile yenye uso mweupe mfano wa moyo. Mnajua wenyewe yanayosemwa juu ya bundi. Akilia, kuna mtu atakufa. Bahati mbaya mzee mmoja wa ploti alikuwa amelazwa hospitalini wiki ile. Ikaamuliwa kibanda kichomwe moto, bundi akiwa ndani.

Kijana mmoja wa kikundi, aliyekuwa amezoea kupiga picha mwewe kwa simu yake, akaomba wangoje siku 3. Hakufanikiwa kumpata bundi vizuri, maana usiku simu haioni. Lakini mchana alipiga picha chini ya paa, na hapo palikuwa na vitu kama vidole vyeusi vilivyokauka. Akatuletea picha, nasi hatukuvijua. Tukauliza watu wanaojua ndege. Kumbe bundi humeza panya mzima, kisha hutapika tonge la manyoya na mifupa.

Katika mkutano uliofuata tulileta matonge 6 juu ya gazeti, tukayapasua kwa vijiti. Karibu kila moja lilikuwa na mafuvu ya panya, mengine mawili mawili. Akina mama waliokuwa wameziba pua wakasogea karibu wakaanza kuhesabu. Hatukusema neno juu ya imani ya mtu. Mafuvu yalisema yenyewe. Kibanda hakikuchomwa. Mzee akarudi kutoka hospitalini, akaambiwa habari, akacheka.

Tungependa kisa kiishie hapo. Lakini miezi kadhaa kabla ya hapo, katika somo letu la usafi, ni sisi wa ofisi tuliowashauri wanaploti watege panya kwa dawa. Hatukukumbuka. Hakuna aliyekumbuka. Dawa nyingi za panya haziui mara moja. Panya huzunguka siku kadhaa akiwa mzito na mlegevu, na huyo ndiye rahisi kukamatwa na bundi. Anayemla panya wa namna hiyo mara nyingi hula na sumu yake.

Asubuhi moja watoto walimkuta bundi chini, kando ya mtaro, mabawa yamefunguka. Yule kijana akampiga picha. Ni picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, kila unyoya unaonekana. Hatukumpeleka kupimwa, kwa hivyo hatuwezi kuapa kwamba ni dawa iliyomuua. Lakini wiki ile dawa ilikuwa imewekwa upya katika nyumba 4, na mvua zilipoanza panya walirudi kwa wingi.

Tuliomba msamaha mbele ya kikundi. Tangu siku ile tunafundisha mitego ya waya, ndoo zenye vifuniko vya kuwekea unga, na kuondoa taka kabla ya jioni. Penye dawa lazima itumike, mizoga ya panya iokotwe kila asubuhi kwa karatasi na kufukiwa, watoto na kuku wasiifikie.

6. DAFTARI LA KIKUNDI

Picha bila maandishi husahaulika. Mngekuwa na daftari, na sisi tungekuwa nalo, mtu angefungua ukurasa akaona "dawa ya panya imewekwa" na chini yake "bundi amekuja", na labda angeuliza. Kwa hivyo kila picha iandikiwe mambo 5: tarehe, saa, mahali, ameonekana nani na wangapi, alikuwa anafanya nini. Kama hamjui jina, msibuni. Andikeni "wa kijivu, mkia mrefu" na mtauliza baadaye. Upande wa kulia wa ukurasa andikeni mambo ya ploti: dawa imepuliziwa, taka hazijachukuliwa, mti umekatwa, mvua imeanza.

Baada ya miezi michache daftari litaanza kusema. Mkiona marabu na mwewe wanaongezeka, tazameni taka. Mkiona chozi ametoweka, tazameni ni ua gani limeng'olewa. Kundi la mkia mrefu likizidi, funikeni magunia kwa neti kabla mboga hazijaisha.

Kikundi kinachotaka kujifunza zaidi kinaweza kuuliza shirika la Nature Kenya, lililo katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Matembezi ya kuangalia ndege ya Jumatano asubuhi, yanayoanzia Makumbusho, Bi. Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwaka 1971, na Wakenya wengi wamejifunzia hapo. Tena tangu mwaka 2013 kuna mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ambapo nchi imegawanywa katika miraba ya kilomita 9 hivi kwa 9, na raia yeyote aliyejifunza anaweza kuandikisha aliowaona katika mraba wake. Kibera na Kawangware nazo zimo katika miraba hiyo. Nani atazijua kuliko anayeamka hapo?

7. KAZI YA WIKI 4

Wiki ya 1: Gawaneni wawili wawili, kijana na mtu mzima. Kila jozi ikae nusu saa bila simu, iangalie tu na kuandika.
Wiki ya 2: Wekeni sahani ya maji. Pigeni picha. Kila jozi ilete 3 tu.
Wiki ya 3: Chagueni ndege mmoja na mmfuatilie: anakula nini, anatoka wapi, anaogopa nini.
Wiki ya 4: Onyesheni picha katika mkutano, wazee waseme majina kwa lugha za kwao. Yaandikeni yote, Kiluhya, Kijaluo, Kikuyu, Kikamba, Kinubi. Majina haya yanapotea.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Ni ndege gani uliyemwona utotoni mashambani ambaye humwoni hapa? Yupi uko naye hapa ambaye hukumtarajia?
2. Katika ploti yetu, ni uamuzi gani uliofanywa bila kuangalia kwanza?
3. Tunasema nini kwa watoto juu ya bundi na kinyonga? Tumeyapata wapi maneno hayo?
4. Nani anatumia dawa ya panya kwetu, na mizoga inaenda wapi?
5. Kama mgeni angekuja na kamera, tungependa apige picha gani? Kwa nini hatujaipiga sisi?

MWISHO

Sasa turudi kwa yule mama wa choo kilichojaa. Hakuacha kutuuliza, na ni vizuri. Lakini siku ya kupasua matonge yeye ndiye aliyeshika kijiti cha pili. Na bundi alipokufa, ndiye aliyesema maneno tuliyoyabeba mpaka ofisini: "Tulimwangalia yeye, hatukuangalia tunachoweka chini."

Choo kilifunguliwa mwezi uliofuata, kikundi kilichanga. Hatusemi ndege walisaidia. Tunasema tu kwamba watu waliozoea kukaa nusu saa wakiangalia uani wao walikuwa wameshaandika, bila kuambiwa, ni siku zipi maji machafu hufurika na yanatokea wapi. Fundi alipokuja hakuhitaji kuuliza mara mbili.

Tuleteeni picha zenu na kurasa za daftari. Zile zenye makosa pia.